Ukurasa Mweupe Usiwe Sanda

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, nikiwaeleza wanachuo wangu kwamba inatuonya dhidi ya kujisifu. Sikutazamia kwamba nikishastaafu na kukaa zangu hapa Tandika ningekuja kuisikia ikitumiwa kuwadhulumu watu. Kwa hiyo insha hii haina utulivu wa zile zilizotangulia katika kitabu hiki, na msomaji aniwie radhi sauti yangu ikipanda. Mtu aliyekuwa mkuu wa chuo kwa muda mrefu hupata tabia ya kupiga meza, na tabia hiyo haistaafu pamoja naye.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi moja alinijia kijana kutoka Kinondoni, ambaye mama yake nilimfundisha ualimu. Kijana huyo ni msanifu kurasa. Bendi moja kongwe ya muziki wa dansi, ambayo sitaitaja, ilikuwa imezikusanya nyimbo zake za zamani kuwa albamu, na yeye alipewa kazi ya kutengeneza tangazo la ukurasa mzima katika jarida la burudani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Nimekuja unisahihishie Kiswahili."

Nikavaa miwani, akanipa karatasi. Ilikuwa nyeupe tupu. Katikati, kwa herufi nyeusi zisizozidi ukubwa wa punje ya mchele, liliandikwa jina la bendi. Chini yake palikuwa na neno moja: "Wamerudi." Mwisho. Nikamuuliza hicho Kiswahili cha kusahihisha kiko wapi. Akacheka, kisha akatoa karatasi ya pili. Hiyo ilikuwa tangazo walilolitaka wazee wa bendi. Ilikuwa na picha za magitaa, miale ya jua, nyota, herufi nyekundu juu ya njano, "Usikose!", "Wakali wa jiji!", nembo za wadhamini wanne, na sura za watu zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

"Kamati inataka hili," alisema. "Mimi nataka lile. Wewe unasemaje, Mwalimu?"

Naomba msomaji aelewe kwamba nilikuwa upande wa kijana, na mpaka leo niko upande wake katika jambo hilo. Sipendi kelele kwenye karatasi. Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa na daftari langu, nikawaona vijana waliojaza ubao kuanzia juu mpaka kwenye kishikio cha chaki. Mtoto aliyeketi dawati la mwisho alikuwa hajui aanzie wapi. Mwanachuo mzuri aliandika maneno matano, akaacha nafasi pande zote, na maneno hayo matano yalikwenda nyumbani na watoto. Nafasi tupu kwenye ubao haikuwa uvivu. Ilikuwa sehemu ya somo, kwa maana ndiyo iliyoliambia jicho litazame wapi.

Tena jambo hili si geni kwetu, wala hatukuletewa na kompyuta. Tazama kanga. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani mstari mmoja tu wa maneno. Mwanamke aliyekasirishwa na jirani hahitaji hotuba. Huvaa mstari huo na kupita zake mlangoni mwa mwenziwe. Bendi zetu nazo ziliuzwa hivyo hivyo. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa Msondo. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, ilikuwa Sikinde. Maquis walikuwa na Kamanyola, Vijana Jazz wakawa na Pambamoto. Aliyeandika neno "Sikinde" kwa chaki kwenye ukuta wa Temeke alikuwa amekwisha kutangaza, na watu walijua waende wapi na wavae nini. Kwa hiyo nilimwambia kijana kwamba kamati imekosea na yeye amepatia. Akafurahi sana.

Kisha nikamuuliza: "Majina yako wapi?"

"Majina gani, Mwalimu?"

"Ya waliopiga na walioimba."

Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mzee. Akasema majina yatachafua ukurasa. Akaongeza kwamba kizuri chajiuza.

Hapo ndipo niliposhuka upande wake, na ndipo insha hii inapoanza hasa. Neno lile "yatachafua" lilinichoma. Uchafu ni kitu kinachokaa pasipo mahali pake. Jina la mpiga tarumbeta, katika tangazo la muziki wa tarumbeta yake, limekaa wapi pasipo mahali pake?

Kijana hakuwa mjinga. Alinionyesha katika simu yake mifano miwili ya ng'ambo ambayo wasanifu wa kurasa huiheshimu. Wa kwanza ni tangazo la Volkswagen lililotolewa Marekani mwaka 1959. Ukurasa karibu wote ni mtupu, na kigari kimewekwa juu pembeni, kidogo kama mdudu. Nikamwomba alikuze. Chini ya ule utupu mkatokea safu tatu za maandishi, zikieleza habari za gari lile moja baada ya nyingine. Utupu ulikuwa juu, na maelezo yalikuwa chini. Kijana alikuwa ameutazama utupu tu. Isitoshe, waliolitengeneza tangazo hilo wanajulikana mpaka leo. Helmut Krone alilisanifu na Julian Koenig aliliandika. Watu waliosifiwa kwa kuondoa, wao wenyewe hawakuondolewa.

Mfano wa pili ulikuwa santuri ya Beatles ya mwaka 1968, ambayo jalada lake jeupe lilisanifiwa na Richard Hamilton. Juu ya jalada hilo jina la bendi halikupigwa wino. Lilikandamizwa tu kwenye karatasi. Ni kazi nzuri, sibishi. Lakini ukilifungua jalada, ndani mlikuwa na picha nne kubwa, moja kwa kila mwanamuziki, na karatasi nyingine yenye maneno ya nyimbo. Na hata kama zisingekuwamo, mwaka 1968 nani duniani hakuwajua watu wale wanne? Mtu ambaye jina lake limejaa kila gazeti anaweza kuliacha mlangoni kama anavyoacha viatu, akijua atavikuta. Mpiga tarumbeta wa Temeke akiviacha viatu vyake mlangoni, hatavikuta.

Kwa nini tukatafute mwalimu wa kubana maneno ng'ambo, wakati sisi tuna washairi? Shairi letu la kawaida la tarbia lina mishororo minne kwa ubeti, na kila mshororo una mizani 16. Ubeti mzima ni mizani 64, na huna ruhusa ya kuongeza hata moja. Hakuna msanifu wa jarida anayebanwa namna hiyo. Pamoja na hayo, washairi wetu wengi, tangu enzi za gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 na hata kabla yake, walipofika kaditama walitafuta nafasi ya kujitaja jina na mji wanakotoka. Walipunguza vyote, ila hawakumpunguza mtunzi. Wanamuziki wa dansi nao hufanya hivyo hivyo ndani ya wimbo: mpiga gitaa anapoanza kucharaza, mwimbaji humwita kwa jina lake. Jina linaingia katikati ya muziki na muziki hauchafuki.

Kijana akajitetea kwamba jina la bendi lipo, na bendi ndiyo wao wote. Hoja hii nimeisikia kwa watu wengi, na napenda nijibu kwa historia. Jina la bendi kwetu, mara nyingi, limekuwa jina la mwenye vyombo. NUTA ilikuwa jumuiya ya wafanyakazi. Jumuiya ilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Bango la mlangoni lilibadilishwa, lakini pumzi iliyopita katika tarumbeta ilikuwa ya watu wenye majina ambayo hayakubadilika. Sisemi kwamba mashirika hayo yalifanya vibaya. Yaliwapa wanamuziki mshahara na vyombo wakati ambapo wengi hawakuwa na vyote viwili. Ninachosema ni kwamba ukiandika jina la bendi peke yake, mara nyingi umemwandika mwenye nyumba na kumwacha fundi aliyeijenga. Hata kanga maarufu za Mombasa zinabeba mpaka leo maneno "Mali ya Abdulla", yaani mfanyabiashara. Mwanamke aliyetunga msemo ule unaotukata maini, nani anamjua?

Sasa nikiri maslahi yangu, maana mwalimu asiyekiri maslahi yake hana haki ya kusahihisha wengine. Katika albamu ile umo wimbo ambao tarumbeta yake ilipulizwa na mdogo wangu. Aliingia katika bendi hiyo mwaka 1974, kinyume cha matakwa ya baba yetu na, naomba msamaha, kinyume cha matakwa yangu pia. Siku waliporekodi wimbo huo Radio Tanzania, alikuja nyumbani kwangu jioni, akaomba chai isiyo moto kwa sababu midomo ilikuwa imevimba. Walikuwa wamerudia mara nyingi. Nilimpa chai na mahubiri. Nilimwambia ajifunze kazi ya maana. Alifariki mwaka 1997, na siku ya mazishi yake ndipo nilipojua, kwa wingi wa watu walioacha shughuli zao kutoka Mtoni mpaka Mwananyamala, kwamba kazi yake ilikuwa na maana.

Binti yake anaishi Mbagala. Redio hupiga wimbo ule mara kwa mara katika vipindi vya zamani. Siku moja, mimi nikiwapo, alimwambia mwanawe wa miaka tisa: "Sikiliza, huyo anayepuliza ni babu yako." Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza bila ubaya wowote: "Wameandika wapi, mama?" Mama yake akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Sikuwa na jibu.

Zamani jibu lingeweza kupatikana nyuma ya jalada la santuri, au katika karatasi ya ndani ya kanda, ijapokuwa kanda nyingi za mitaani ziliuzwa bila karatasi yoyote. Leo nyimbo zinanunuliwa kwa simu, na jalada limekuwa kipicha kidogo kama stempu. Kwa hiyo ukurasa wa jarida ndio karatasi pekee iliyosalia, inayoweza kukatwa kwa mkasi na kubandikwa ukutani Mbagala. Ndiyo maana nilipiga meza.

Kijana akasema majina ni mengi mno. Nikachukua penseli na rula. Wanamuziki waliosikika katika nyimbo zile, kwa hesabu ya wazee wa bendi wenyewe, walikuwa 14. Kila mmoja nilimpa majina mawili na chombo chake, wastani wa herufi 25. Jumla ni herufi 350. Kwa herufi ndogo za pointi 8, ambazo hata mimi nazisoma kwa miwani, ukurasa wa jarida unabeba herufi kama 100 kwa mstari. Hiyo ni mistari minne, na kimo chake ni kama sentimita moja na nusu. Ukurasa wenyewe una karibu sentimita 30. Tuseme basi kwamba sehemu moja ya ishirini ndiyo iliyokuwa ikigombewa. Weka mistari hiyo chini kabisa, kama pindo la kanga, na sehemu 19 zilizobaki ziache nyeupe upendavyo. Jicho litaanza na jina la bendi, litapumzika katika weupe, na litakapoteremka litakuta watu. Hilo ndilo tangazo lenye adabu.

Akasema hakuna anayesoma herufi ndogo. Nikamgeuzia karatasi yake mwenyewe upande. Pembeni kabisa, zimesimama wima kama sisimizi wanaopanda ukuta, zilikuwapo herufi ndogo kuliko zote: jina la ofisi yake na namba yake ya simu.

"Na hili halichafui?" nilimuuliza.

Kijana alinyamaza. Nampa sifa kwa kimya hicho, kwa sababu hakikuwa cha jeuri. Siku ya tatu alirudi na ukurasa mpya, mweupe vile vile, wenye mistari minne chini. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Tukapanda daladala pamoja kwenda Kinondoni kwa mfadhili wa albamu.

Mfadhili ni mtu mwenye heshima zake, tena alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Aliutazama ukurasa, akasema anaupenda ule weupe, amewashinda wazee wa kamati kwa ajili yake. Kisha akaweka kidole juu ya mistari minne. "Hii tutoe," alisema. Nikaanza hotuba yangu ya kanga na mashairi. Alinisikiliza kwa subira, halafu akasema: "Mwalimu, ukishaandika majina, kesho mlango huu utajaa warithi."

Hapo nikaelewa. Kijana alikuwa akiondoa majina kwa ajili ya uzuri, na niliweza kujadiliana naye. Mfadhili alikuwa akiyaondoa kwa ajili ya hesabu, na uzuri ulikuwa pazia lake. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na pamoja na haki ya fedha ipo haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Neno la pili katika jina la sheria hiyo, hakishiriki, ndilo linalowagusa wanaoimba na kupiga kilichotungwa na mwingine. Lakini sheria inamsaidia mtu anayejulikana. Ukitaka mtu asidai, huna haja ya kumpiga wala kumfukuza. Tengeneza ukurasa mzuri usio na jina lake, kisha ngoja miaka ipite.

Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA Jazz tangu 1964 na kuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba. Mwaka huo huo mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, alimzawadia gari, na wengi tuliguswa na tendo hilo jema. Lakini tujiulize: kijana yule alijuaje pa kupeleka zawadi? Alijua kwa sababu jina la Gurumo lilijulikana. Waliopiga besi na tumba nyuma yake, hata mwenye moyo mwema akitaka kuwaenzi, ataanzia wapi?

Kwa hiyo nawaambia wasanifu wa kurasa, ambao wengi wao ni umri wa wajukuu zangu: punguzeni. Ondoeni nyota na miale ya jua. Ondoeni "wakali" na "usikose". Nembo za wadhamini zipunguzeni mpaka wenyewe walalamike. Ila mkifika kwenye watu, wekeni kalamu chini. Sisi pia tunaujua weupe. Tunamvika maiti nguo nyeupe isiyo na mapambo, lakini hatumpeleki kaburini bila kulitaja jina lake. Ukurasa mweupe unaomfunika mtu aliyefanya kazi, na jina lake lisitajwe, hauna hata heshima ya sanda.

Tangazo lilichapwa bila mistari minne. Kijana alininong'oneza kwamba ameliondoa na jina la ofisi yake, na kweli, nilipolinunua jarida nilikuta ukingo mtupu. Nilimpigia simu kumshukuru. Si ushindi, lakini naamini safari nyingine atauliza majina kabla hajafungua kompyuta.

Mimi nimefanya nililoweza. Kitabu hiki nimekilipia mwenyewe kutoka katika kiinua mgongo kilichobaki, na hakuna mfadhili wa kuniwekea kidole juu ya mstari. Msomaji akirudi mwanzo, kabla ya yaliyomo, atauona ukurasa wa kutabaruku. Mchapaji aliniuliza kama nataka maua pembeni, nikakataa. Una majina mawili ya mdogo wangu, chini yake neno "tarumbeta", na sehemu yote iliyobaki ni nyeupe. Nakala ya kwanza nimeipeleka Mbagala, nikamwonyesha mtoto mahali palipoandikwa.